Makamasi Yasiyokauka, Kikohozi Kisichokwisha: Tiba Mpya ya Baridi na Anayefaa Kuitumia

Yako maradhi yasiyomlaza mtu kitandani, wala hayamletei majirani wa kumpa pole, na bado humharibia siku zake zote. Makamasi yasiyokauka ni mojawapo. Mwenye nayo huficha leso katika mkono wa buibui, hujikohoza kila akitaka kusema neno, na usiku akilala huhisi kitu kikiteremka nyuma ya koo, kisha kikohozi kikaamsha nyumba nzima. Darasani, wanawake wenziwe husogea kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya anautafuta upepo wa feni.

Na liko jambo jingine ambalo wanawake wengi hawalisemi hata mbele ya dada zao. Aliyezaa mara kadhaa na misuli ya nyonga ikalegea, kikohozi kikimpanda humponyoka matone ya mkojo. Hutawadha, akakohoa, akarudi kutawadha. Wako wanaoacha kwenda tarawehe kwa ajili hiyo, na jamaa wakadhani ni uvivu. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya makamasi, jambo lenyewe ni kubwa kuliko leso.

Miaka hii tumekuwa tukisikia, kutoka kwa jamaa walioko ng'ambo na kutoka katika video zinazozunguka kwenye simu, kwamba iko tiba ambayo daktari huingiza kijiti chembamba puani, hugandisha mshipa kwa muda usiofika dakika, na mgonjwa akarudi nyumbani saa ileile kwa miguu yake. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini familia ikisikia habari ya namna hii haikawii kufikiria michango na safari ya India, na swali la kwanza huwa ni wapi na kwa pesa ngapi. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: pua hii ni ya namna gani, na je, kikohozi hiki kweli kimetoka puani?

Amri ya kutoa maji

Pua yenye afya hutengeneza makamasi yapata lita moja kwa siku. Tunayameza bila kujua. Kazi yake ni kunasa vumbi, moshi na vijidudu, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho huyasukuma polepole kuelekea kooni. Shida huanza yanapozidi, au yanapokuwa mazito, au koo linapoanza kuhisi kile ambacho zamani halikukihisi.

Anayetoa amri ya kuzidisha ni mishipa ya fahamu. Matawi yake huingia puani kutokea nyuma, karibu na mahali unapoishia mkunjo wa kati wa nyama ya pua, yakipita chini tu ya utando laini. Matawi hayo ndiyo yanayoziambia tezi zitoe maji. Kwa watu wengine amri hutolewa ovyo: harufu ya manukato, moshi wa chetezo, sahani ya mchuzi wenye pilipili, kutoka kwenye jua kali na kuingia chumba chenye kiyoyozi. Wakipimwa mzio, hauonekani; pua yao tu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Wazee hupatwa zaidi. Wajawazito nao hupatwa, na kwao kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua, kwa hiyo hakuna haja ya kuikimbilia tiba yoyote kubwa.

Madaktari waliijua habari ya mishipa hii zamani. Mwaka 1961 mpasuaji wa Uingereza, Golding-Wood, alieleza upasuaji wa kuukata mshipa mama unaopeleka amri puani. Pua zilikauka, lakini macho nayo yakakauka, kwa sababu mshipa huohuo hupeleka amri kwenye tezi za machozi. Baadaye wapasuaji wa Japani waliuacha mshipa mama na kukata yale matawi yanayoingia puani peke yake, na macho yakasalimika. Ikabaki kulifanya jambo hilo bila kisu na bila kumlaza mgonjwa usingizi wa dawa.

Namna inavyofanywa

Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kiitwacho ClariFix. Mgonjwa huketi kitini. Daktari humtia dawa ya ganzi puani na kusubiri ikolee, kisha huingiza kamera nyembamba pamoja na kijiti ambacho ncha yake ina kibofu kidogo. Kibofu hicho hubanwa pale yanapopita matawi tuliyoyataja, na gesi ya naitrasi oksaidi, ileile ambayo madaktari wa meno huitumia kumtuliza mgonjwa, hukipoza mpaka utando na mishipa iliyo chini yake igande. Baridi hiyo ni kali kuliko ya friza yoyote ya nyumbani. Kila upande huchukua takriban nusu dakika hadi dakika moja. Hakuna kinachokatwa wala kinachoshonwa.

Kifaa cha pili, RhinAer, hufanya kazi hiyohiyo kwa njia ya joto la mawimbi ya redio. Baadhi ya madaktari hukipendelea hicho kwa kuwa mgonjwa hapati yale maumivu ya kichwa ya ghafla yanayofanana na ya mtu aliyemeza barafu kwa pupa. Baridi huyaleta kwa wengi, huchukua saa moja au mbili, na kupungua.

Siku za mwanzo pua huziba kuliko ilivyokuwa, kwa sababu utando umevimba, na mgonjwa asiyeambiwa mapema hudhani ameharibiwa. Magaga hujitengeneza ndani na kutoka. Baadhi huhisi ganzi kwenye kaakaa au meno ya juu kwa muda. Hatari inayostahili kuogopwa ni kuvuja damu, ambayo huweza kuja siku nyingi baadaye, magaga yanapobanduka. Nafuu yenyewe haionekani kesho yake. Huja taratibu katika wiki zinazofuata. Wako waliofuatiliwa hadi miaka miwili na nafuu yao ikadumu, ingawa mishipa ya fahamu ina tabia ya kuota tena.

Je, inafaa kweli? Hapa nawaomba wasomaji tuende polepole, maana ndipo penye faida. Marekani walifanya jaribio la ClariFix kwa watu 133. Nusu yao waligandishwa kweli. Nusu ya pili walitiwa ganzi, wakaingiziwa kifaa, wakafanyiwa kila kitu isipokuwa kugandishwa, na hawakujua. Baada ya siku 90, waliogandishwa kweli walioeleza nafuu ya maana walikuwa takriban 73 katika kila 100. Na wale ambao hawakugandishwa? Walikuwa 36 hivi katika kila 100. Jaribio la RhinAer, la watu 116, lilitoa picha inayokaribiana na hiyo: takriban 67 kwa 41.

Tofauti hiyo ni kubwa na inaonyesha kwamba tiba ina nguvu yake yenyewe. Lakini hebu tuwatazame pia wale 36. Mtu mmoja katika kila watatu alipata nafuu kwa kitu ambacho hakikufanywa. Pua hubadilika kwa misimu, na matumaini nayo hutuliza mwili. Kwa hiyo shangazi aliyeko Toronto akisimulia kwenye simu kwamba amepona kabisa, anasema kweli kwa nafsi yake, ila ushuhuda wake hautoshi kumuuzia mtu kiwanja. Na hata kwa tiba halisi, robo ya wagonjwa hawakupata nafuu ya kutajwa.

Tiba hii inamfaa hasa mtu ambaye makamasi yake ni maji, ya pande zote mbili, yamedumu miezi, na dawa za kawaida zimejaribiwa sawasawa zikashindwa. Mwenye makamasi mazito ya kijani na uzito usoni huenda ana ugonjwa wa mianzi ya mifupa ya uso au vinyama vya puani, na hayo yana matibabu yake. Maji maangavu yanayotoka upande mmoja tu, yakazidi mtu akiinama, yakawa na ladha ya chumvi, hasa baada ya kuanguka au kugongwa kichwa, yaonwe na daktari haraka, kwa maana huweza kuwa maji ya ubongo yanayovuja. Na mtoto mdogo anayetoka usaha wenye harufu mbaya tundu moja la pua, mara nyingi ameingiza ushanga au mbegu.

Kikohozi kisichotoka puani

Kikohozi cha mtu mzima kikipita wiki 8, na cha mtoto kikipita wiki 4, huhesabiwa kuwa sugu. Makamasi yanayoteremka kooni ni miongoni mwa sababu zake kubwa, lakini yana washirika, na wa kwanza kutafutwa katika nchi yetu ni kifua kikuu. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi hayo. Kipimo cha kohozi na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, na matibabu ya kawaida ni miezi 6. Kukohoa na kukonda, jasho la usiku, homa ya jioni au damu katika kohozi: mwenye dalili hizo aanze huko, na mazungumzo ya pua yasubiri. Aibu ya kuonekana kwenye foleni ya kifua imewaponza wengi kuliko ugonjwa wenyewe.

Wa pili ni pumu. Wako wenye pumu ambao hawakoromi kifuani hata siku moja. Dalili yao pekee ni kikohozi kikavu cha alfajiri. Wa tatu ni tindikali ya tumbo inayopanda, hasa kwa mtu anayekula biriani saa nne usiku na kulala saa nne na nusu. Mwezi wa Ramadhani huzidi, kwa daku nzito inayofuatwa na usingizi.

Wa nne husahauliwa mno, naye ni dawa ya presha. Enalapril, captopril na lisinopril ni dawa nzuri na watu wengi hapa pwani wanazimeza, lakini kwa baadhi yao huleta kikohozi kikavu cha kutekenya koo ambacho hakisikii sharubati wala tangawizi. Mtu huweza kukaa nacho mwaka mzima akinunua dawa za kikohozi. Asiiache dawa ya presha kwa uamuzi wake. Amwambie daktari, ambaye anaweza kumbadilishia kwa nyingine kama losartan. Kikohozi hupungua ndani ya wiki chache, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi mitatu.

Na hata pale pua inapokuwa ndiyo chanzo, kuikausha hakuhakikishi kwamba kikohozi kitanyamaza. Koo lililokohoa miaka huwa na mishipa ya fahamu iliyochangamka, ikajibu kwa kikohozi jambo dogo kama kucheka au hewa baridi. Kwa koo kama hilo yako mazoezi ya kupumua na kumeza yanayofundishwa na mtaalamu wa usemi, ziko dawa za kutuliza mishipa, na iko sindano ya ganzi pamoja na steroidi inayochomwa kando ya shingo, ambayo nayo ni tiba isiyohitaji kisu. Ushahidi wa tiba ya baridi ni wenye nguvu kwa pua inayotiririka kuliko kwa kikohozi, na daktari mwaminifu atalisema hilo kabla ya kupokea pesa.

Kabla ya kugandisha

Nionavyo mimi, wengi wanaotamani kugandishwa hawajawahi kupata matibabu ya kawaida yakafanywa ipasavyo. Chukua dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kama fluticasone au mometasone. Mgonjwa huipuliza siku tatu, haoni kitu, anaitupa kabatini. Dawa hiyo haifanyi kazi kwa siku tatu. Hupulizwa kila siku kwa wiki mbili au zaidi ndipo ihukumiwe. Tena wengi huielekeza katikati ya pua, ikawatoa damu. Inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, uelekeze upande wa sikio, na usivute kwa nguvu. Nyingi hutumiwa mara moja kwa siku, kwa hiyo aliyefunga anaweza kuipuliza baada ya futari.

Iko dawa nyingine ya kupuliza, ipratropium, inayozuia ileile amri ya kutoa maji. Ina faida mbili: hukausha, na pia ni kama mtihani. Ambaye pua yake hutulia kwa ipratropium huelekea kufaidika zaidi na tiba ya baridi, kwa kuwa zote zinashika mlango mmoja.

Matone ya kufungua pua yanayouzwa kila duka la dawa, yenye oxymetazoline au xylometazoline, ni habari tofauti. Hufungua pua kwa dakika chache, na ndio mtego. Yakitumiwa zaidi ya siku 3 hadi 5, pua huziba kila yanapokwisha nguvu, na mtu akatia tena, mpaka chupa haitoki kwenye mkoba. Wapo walioishi hivyo miaka wakidhani wana ugonjwa, ilhali ugonjwa wao ni hiyo chupa.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi ndiko kunakodharauliwa kuliko yote, labda kwa sababu ni rahisi mno. Nusu kijiko cha chai cha chumvi safi, isiyotiwa iodini ikipatikana, katika kikombe cha maji ya vuguvugu chenye ujazo wa mililita 250, na kibano cha magadi ya kuokea ili yasichome. Huingizwa kwa bomba lisilo na sindano, kichwa kikiwa kimeinama juu ya sinki, yakatokea tundu la pili. Asubuhi na jioni.

Maji hayo lazima yawe yamechemshwa kwa dakika moja kamili na kupozwa. Hili si la kupuuzwa. Huko Karachi, Pakistani, mwaka 2008 na 2009 waliripotiwa wagonjwa 13 wa ameba ya Naegleria, ambayo huingia kwa njia ya pua na kupanda kwenye ubongo. Karibu wote hawakuwa wameogelea popote, na madaktari walishuku maji ya bomba yasiyotiwa klorini ya kutosha, yaliyopandishwa puani wakati wa kutawadha. Ugonjwa huo ni nadra sana, na hakuna sababu ya mtu kuogopa udhu. Lakini sisi tunaotumia visima na matangi yenye joto tuna sababu ya kusafisha matangi yetu na kuyatia klorini, na kwa kuosha pua kwa kina tusitumie maji yasiyochemshwa.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Udi na ubani ni pambo letu, na sitathubutu kumwambia bibi wa Kiamu aache kufukiza. Lakini chetezo kinachofuka chumba kilichofungwa madirisha, pamoja na jiko la makaa lililoko korido, ni moshi juu ya moshi, na anayeuvuta zaidi ni mwanamke na mtoto aliye mgongoni. Nguo zinaweza kufukizwa uani. Mende, na vumbi la magodoro na mazulia, nao huchochea mzio. Katika unyevu wetu godoro lisiloanikwa ni shamba la vijidudu.

Yule dada mwenye kuponyokwa na mkojo asisubiri kikohozi kiishe ndipo asaidiwe. Yako mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga yanayofundishwa na wataalamu wa viungo na wakunga, na yakifanywa kila siku kwa miezi mitatu huwafaa wengi. Na dini ina hukumu zake nyepesi kwa mwenye udhuru. Amuulize mwanachuoni au ustadhati anayemwamini.

Siku ya kliniki

Mgonjwa aliye Mombasa anaweza kuonwa kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali kuu ya pwani, pale Makadara. Aliye mbali aanze hospitali ya kaunti yake na kuomba barua ya rufaa. Beba dawa zote unazotumia katika mfuko mmoja, pamoja na za presha na zile za kienyeji. Andika kwenye karatasi kikohozi kilianza lini, huzidi saa ngapi, makamasi ni ya rangi gani na hutoka upande upi. Daktari ana wagonjwa wengi, na karatasi hiyo huokoa muda kuliko maelezo marefu.

Akiingiza kamera na kuona kwamba unafaa kwa tiba ya mshipa, iwe hapa nchini au ng'ambo, muulize kama umepimwa kwa ipratropium kwanza, amewafanyia wangapi, na atatumia baridi au joto. Mwambie kama unameza aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Na kwa anayesafiri, ulizo moja zaidi kabla ya kukata tikiti ya kurudi: damu ikianza kuvuja usiku wa wiki ya tatu, naye yuko nyumbani Malindi au Lamu, ni daktari gani atakayempigia simu?